Ukuta wa Mbao Niliousifu

Mwaka huu njo ule tulikula maboga mpaka batoto wakauliza kama nsima, ugali wa huku, imekufa. Mvua iliyoleta maboga njo iliyobomoa nyumba yangu ya udongo hapa kambini Dzaleka. Jirani yangu Chikondi, fundi wa matofali, akaja na jembe begani.

"Agogo," akaniita, njo neno lao la kumwita mzee, "nikukandie udongo tujenge upya?"

Nikamjibu mbele ya watu: "Mi siingii tena nyumba ya udongo."

Kwetu Bukavu nilizaliwa kwenye nyumba ya mbao, na nilitaka kuzeekea kwenye mbao. Mwanangu anayebeba mizigo kule viwandani Kanengo akaniletea mbao za maghalani.

"Hapa kuna mchwa, agogo," Chikondi akasema.

Nikamwambia mchwa wa Malawi hawanijui. Nikapaka ukuta rangi ya bluu, ukang'aa kama sahani mpya. Baadaye nikasikia kitu kinatafuna humo ndani. Nikasema ni panya, nikaongeza rangi.

Juzi bamama ba kanisa walikuja kuombea nyumba. Kiburi kikanipanda. "Bamama, muone ukuta wa Bukavu!" Nikaupiga kofi. Mkono ukazama mpaka begani, ukatokea nje. Mbao zilikwisha kuliwa. Iliyobaki ni rangi na vumbi. Nikakwama pale. Bamama wakaziba midomo kwa vitenge.

Huko nje mtu akaushika mkono wangu, akausalimia kwa heshima zote.

"Zikomo, agogo," akasema Chikondi. "Mvua iko karibu. Nikande udongo?"

Shavu likiwa limebanwa kwenye ile bluu, nikamjibu: "Mi siingii tena nyumba ya udongo."