Mama Anayepunga Mkono Mlangoni

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Morogoro, lilipokuja gari la sinema ya bure kutuonyesha ubaya wa kuendesha gari ukiwa umelewa. Tulikaa chini kwenye uwanja wa netiboli, wasichana karibu mia tatu, na kati yetu sidhani kama watano walitoka kwenye nyumba yenye gari. Kwetu hata baiskeli ilikuwa ya kuazima. Lakini damu ilipomwagika kwenye kile kitambaa cheupe tulipiga mayowe, mwenzangu wa kitanda cha juu akalia hadi akapelekwa kwa matroni, na tukaapa kwa Mungu mmoja kwamba hatutaendesha magari yetu tukiwa tumelewa. Magari yapi, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo mimi ni mtu ninayeuamini woga. Nilifundisha shule ya msingi miaka tisa kabla ya kuja Sydney, na darasani woga ulinisaidia kuliko chaki. Siku hizi nawaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi isiyo na darasa, na nakiri kwamba ninakumbuka sana kusimama mbele za watu nikasikilizwa. Chama chetu cha akina mama hapa Merrylands, Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi tuliounganishwa na Kiswahili, kilipotafuta mtu wa kuzungumza na vijana juu ya pombe na magari kabla ya likizo ya Desemba, nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi.

Nilikuwa na sababu nyingine. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na sita na kupata leseni ya kujifunzia. Hapa mtoto hubandika kile kibao cha njano chenye herufi L, kisha anatakiwa aendeshe masaa mia moja na ishirini akiwa na mtu mzima mwenye leseni kamili pembeni yake. Kila safari huandikwa kwenye daftari na mtu mzima huweka sahihi. Nyumbani kwetu masaa hayo yaligeuka wimbo. Kwenda sokoni ni masaa, kwenda kanisani ni masaa. Mimi nilichangia, baba yake alichangia siku ambazo hakuwa zamu ghalani, na shemeji yangu naye alichangia.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Binti yangu humwita Bamkubwa. Anakaa Fairfield, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujafika mlangoni. Yeye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, akatulaza kwake miezi minane, akamtafutia mume wangu kazi ya kwanza. Mtu wa namna hiyo huna mdomo wa kumwambia neno. Na anapenda bia, sana.

Filamu nilipewa na jirani yetu, mzee wa Kizungu aliyekuwa mwalimu wa sekondari. Shule yake ilipotaka kutupa mikanda ya zamani ya kuwatisha vijana yeye aliiokota, na mwanawe akamhamishia kwenye flashi. Alinipa juu ya uzio huku akinionya kwamba watoto watacheka. Nilimjibu kwamba watoto wetu wana adabu.

Basi Jumamosi mchana tukakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, vijana kama ishirini, sambusa na juisi. Nilifungua kwa methali, maana mimi bila methali siwezi kuanza: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha nikawasha projekta. Rangi zilikuwa zimechujuka zikabaki za machungwa. Vijana wenye nywele ndefu walikuwa kwenye sherehe, kinanda kikinguruma, na sauti nzito ya mwanamume ikituambia kwamba kijana huyu hajui kuwa hii ndiyo chupa yake ya mwisho. Akapanda gari. Gari likaanguka gengeni, na ilionekana wazi kabisa kwamba ndani hamna mtu na kuna mikono inalisukuma kwa nyuma. Damu ilikuwa tomato sosi. Daktari akatazama saa yake, akamfunika marehemu shuka, na chini ya shuka tumbo la marehemu likapanda na kushuka.

Walicheka. Walicheka hadi mmoja akamwaga juisi. Walitaka nirudishe nyuma waone tena marehemu akipumua. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na hasira yangu yote ilikuwa kwa sababu yule marehemu, mimi miaka ile, ningemlilia. Niliwahutubia dakika ishirini zaidi, wakanisikiliza kwa ile heshima ya watoto wanaosubiri mama amalize.

Tulirudi binti yangu akiendesha. Hakucheka ukumbini, nililiona hilo. Tulipopita shule akasema, macho barabarani, "Mama, kwenye ile movie wanaokunywa ni watoto. Kwetu wanaokunywa ni nyinyi. Sisi ndio tunapandishwa."

Nilimwuliza ana maana gani, nikijua kidogo ana maana gani.

Alinieleza kwa mchanganyiko wake wa Kiingereza na Kiswahili, polepole, kwa sababu alikuwa pia anaangalia taa. Miezi miwili nyuma, baada ya ubatizo wa mtoto wa mwenzetu wa chama, mimi mwenyewe nilimwambia ampeleke Bamkubwa nyumbani. Bamkubwa alisinzia kabla ya taa za kwanza. Binti yangu wakati huo alikuwa na masaa kumi na moja tu. Alifika kwenye barabara kubwa hajui aingie vipi kwenye njia ya kulia, akamwita, akamtikisa bega, Bamkubwa akakoroma. Lori lilimpigia honi likapita karibu hadi gari likayumba. "Nilikuwa nalia, Mama," alisema. "Halafu tulipofika akaamka, akanisifu, akasaini daftari."

Siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu nilijivuna. Wazo lilikuwa langu. Niliona kwamba shemeji ana leseni lakini amekunywa, na mtoto hajanywa lakini hana leseni kamili, basi ukiwaweka kiti kimoja na kingine unapata dereva mmoja mzima. Mzee hatukanwi, mtoto anapata masaa, kila mtu anafurahi. Akina mama walinisifu kwa akili hiyo, na najua wawili waliiga. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba yule wa pembeni ndiye macho ya mwanafunzi, na kwamba sheria inamtaka naye asiwe amelewa. Nyani haoni kundule. Nilisimama ukumbini nikawahubiria watoto juu ya ulevi ambao mimi ndiye niliyewapakia garini.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akanijibu kwa swali: angesemaje? Ni Bamkubwa. "Wewe mwenyewe huwezi kumwambia," alisema, bila hasira, kama anayetaja jina la mtaa.

Kesho yake baada ya kanisa niliiangalia ile filamu tena, peke yangu, kwenye meza ya jikoni, nimezima sauti. Bila kile kinanda ni filamu nyingine. Nikaona kitu ambacho sikukiona ukumbini. Kabla kijana hajapanda gari anapita mlangoni, na pale mlangoni pana watu wanne au watano wanaomwona anayumba. Kuna mwanamke amevaa aproni, nadhani ni mama wa nyumba. Yuko kwenye picha kwa sekunde tatu hivi. Anatabasamu, anapunga mkono. Anaangalia funguo zilizo mkononi mwa yule kijana, naapa anaziangalia, halafu anapunga mkono tena. Nilirudisha nyuma mara nyingi. Nilimchukia yule mama, na nilimfahamu.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na sherehe Rooty Hill, mtoto wa rafiki zetu amemaliza chuo, na shemeji ndiye mgeni rasmi. Mume wangu alikuwa kazini na gari letu, kwa hiyo mimi na binti yangu tulikwenda kwa treni. Nilimweleza kabla hajatoka kwamba leo nitasema. Alivaa viatu taratibu, akaniambia, "Ni kaka yangu," nikangoja aendelee, hakuendelea.

Saa kumi na nusu jua lilikuwa bado kali, shemeji akasimama, akapapasa mifuko, akatoa funguo. Akamwita binti yangu kwa sauti ya furaha: njoo mwanangu, njoo upate masaa yako. Watu wakacheka kwa upendo. Binti yangu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nilijua kwamba nikinyamaza ataenda. Hatabisha, nimemlea asibishe. Atakaa kwenye usukani, na akifika salama au asifike, hataniambia tena jambo lolote la kweli maishani mwake.

Nilianza kwa kuzunguka, kama tulivyolelewa. Kwetu mgeni hatoki peke yake, unamsindikiza, hata kama ni hadi kona tu. Nikamwambia, "Shemeji, leo tunakusindikiza sisi. Tutapita stesheni, tupande treni pamoja hadi kwako. Gari utalifuata kesho." Ningependa kusema kwamba ilitosha. Angekuwa amekunywa kidogo ingetosha, maana ni mtu mwelewa. Lakini alisimama akiniangalia, tabasamu likipungua.

"Shemeji," akasema, "unasema nimelewa? Mbele za watu?"

Nilisogea nikasimama kando ya binti yangu. "Ndiyo, shemeji," nilisema. "Umelewa. Na mwanangu hataendesha ukiwa umekaa pembeni yake. Mara ile nilimtuma mimi, kosa ni langu. Leo haendi."

Shemeji aliziweka funguo mezani, si mkononi mwangu, kati ya sahani za pilau, akatoka. Tukamfuata. Alitembea mbele kuelekea stesheni bila kugeuka, mwanamume mkubwa ndani ya suti, sisi wawili nyuma yake na mabakuli yetu ya plastiki. Tulibadilisha treni Blacktown. Alikaa upande wa pili wa behewa akitazama dirishani hadi Fairfield. Mlangoni kwake akasema, "Asanteni kwa kunisindikiza," kwa sauti ya barua ya serikali, akafunga mlango.

Kisha akanyamaza. Zaidi ya miezi mitatu hakupiga simu wala hakuja. Mume wangu hakunigombeza, lakini alikuwa akizunguka nyumbani kama mtu aliyefiwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Chamani nilisikia kwamba nimekuwa Mzungu, kwamba nchi za watu zimeniharibu hata simjui aliyenipokea. Niliumia. Siku moja kazini nilijifungia kwenye chumba cha mashuka nikalia, kwa sababu nampenda yule shemeji, na kwa sababu sikuwa na hakika hata kidogo kama nilifanya sawa au nilijifurahisha mwenyewe kwa kusikilizwa.

Kilichonitia moyo ni mambo madogo. Mmoja wa wale akina mama wawili walioniiga alinipigia akasema naye amekataa, akakata simu kabla sijajibu. Na binti yangu alianza kuongea. Usukani ulimfungua mdomo. Akiwa anaendesha, macho mbele, aliniambia habari za somo analofeli, za rafiki aliyemsaliti, za mvulana mmoja ambaye nililazimika kushika mkanda wangu nisiseme kitu. Nilijifunza kuyapokea bila methali. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi.

Jumamosi ya Pasaka, mchana, tulikuwa kwenye maegesho ya duka kubwa pale Merrylands tukijifunza kurudi nyuma kwenye nafasi nyembamba. Alikuwa amezima gari tukijadiliana kama lile gurudumu limekanyaga mstari, na lilikuwa limekanyaga, simu yake ikalia ndani ya mkoba wangu. Huwa inakaa kwangu, maana mwanafunzi wa udereva haruhusiwi kuigusa. Nikaitoa. Kwenye kioo lilikuwa jina la Bamkubwa.

Alikuwa amempigia yeye, si mimi wala mdogo wake. Niliweka sauti ya juu nikamshikia.

"Mwanangu," akasema. Nyuma yake kulikuwa na muziki na watoto. Alikohoa. "Mimi Bamkubwa wako. Niko Blacktown kwenye sherehe. Nimekunywa. Funguo nimempa mwenye nyumba azifiche." "Mama yako yuko hapo?"

"Nipo, shemeji," nilisema.

"Njooni mnichukue."

Binti yangu alikuwa ameshafunga mkanda. "Tunakuja, Bamkubwa. Ukae hapo hapo," akamwambia, akawasha gari, akaangalia vioo vyote vitatu, akageuza shingo kuangalia nyuma ya bega, ndipo akaliondoa.