Jumapili ya Kuingia

Mwanafunzi aliyefikia kwa Haika, mtaa wa Peckham, aliizunguka London kwa miguu, chapati mkobani, na hakuona haya kuuliza. Kila jengo alilofika, alimsalimia kwanza mlinzi wa mlangoni, kwa sauti ya upole, ndipo akaulizia kiingilio. Haika, nesi, alikuwa amelipita kanisa kuu la jiji kwa basi miaka na miaka, akiamini ni la watalii wenye fedha. Jumapili jioni mwanafunzi akamshika mkono. "Dada, leo tunaingia." Mlangoni akamwambia mlinzi, "Tumekuja kusali."

"Karibuni, ibada haina kiingilio."

Wakaketi jirani na kwaya. Wimbo walioujua tangu kwao ulipoanza, mwanafunzi alifumba macho akashika sauti ya pili. Haika naye, machozi yakimtoka, akaimba ya kwanza kwa nguvu zake zote, kama mwenyeji.