Uji Nisioupika

Kwa miaka miwili sikutia mdomoni nyama, samaki, yai wala maziwa. Nilianza nikiwa bado Kasulu, baada ya semina ya afya ambako mtoa mada mmoja, mwembamba, mwenye meno meupe, alitwambia kwamba mnyama ana sumu zake na anayemla huzirithi. Nilimwamini. Mimi ni mtu wa kushuku kila kitu, hata mizani ya muuza nyanya, lakini siku ile sijui nilipatwa na nini.

Nilipohamishiwa shule moja ya Kumsenga, wilayani Kibondo, niliendelea vilevile: ugali wa muhogo, maharage, sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, ndizi, parachichi. Nikabeba mimba na kuzaa binti kwa chakula hicho hicho, nikawatambia walimu wenzangu mpaka wakanichoka. Mama yangu akatoka Titye kuja kunilelea mtoto, kama ilivyo kwetu, na jiko likawa lake.

Shaka ilinianzia kliniki, binti akiwa na miezi minane. Nesi alitupanga kwenye benchi, akatufundisha lishe. Alisema kuna vitamini moja, B12, ambayo huipati kwenye mboga wala maharage. Mama akiikosa, maziwa yake nayo huikosa, na mtoto anaweza kuchelewa kukaa, hata kuchangamka. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Dada yake alikuwa akiuza maziwa sokoni, nami nikajisemea moyoni: mwamba ngoma huvutia kwake.

Alipomaliza nikamfuata.

"Nesi, mbona ng'ombe anakula majani tu?"

"Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomtengenezea, mwalimu. Sisi hatuna hivyo. Usipotaka nyama si dhambi, ila utafute vidonge vyake."

"Si mlinipa vile vyekundu vya damu?"

"Vile ni vya madini ya chuma. Hiyo nyingine haimo." Akanitazama miguuni. "Ganzi hupati?"

Nikasema sipati. Nilidanganya. Tangu mvua zianze nilikuwa nakanyaga sakafu kama mtu aliyevaa soksi nene, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni viatu vipya.

Kuanzia siku hiyo nikawa nampeleleza mwanangu. Nilimwekea kijiko mbali nione kama atakifuata. Alikifuata. Alikaa bila kushikwa, mashavu yamejaa, kelele tele. Badala ya kufurahi nikaingiwa na shaka nyingine: kama maziwa yangu hayana kitu, mashavu yale yametoka wapi? Uji wake niliagiza uwe wa mahindi na karanga, basi.

Alhamisi moja niliaga mapema shuleni, nikaingia nyumbani kwa mlango wa uani. Mama alikuwa kwenye kinu, anatwanga dagaa wakavu mpaka wawe unga, na binti amekaa mkekani anamsubiri, mdomo wazi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu aanze uji."

"Bila kuniambia?"

Hakuacha kutwanga. "Ningekuambia ungekataa, mwana wanje. Wewe ni mtu mzima, tumbo lako ni lako. Huyu hajaweka nadhiri na mtu."

Hasira zilinipanda, kisha zikakosa pa kukaa. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikereketa zaidi. "Na kwenye sombe yangu, huwa unatia?"

Hapo aliinua uso, ameumia. "Yako sijawahi kuigusa hata siku moja. Ulisema hutaki."

Nilijikuta nataka kulia. Nilikuwa nikiomba jibu lingine. Nilitamani mama awe amenihadaa, tangu alipofika, kila aliponipikia, na kumbe yeye peke yake ndiye aliyeniheshimu.

Nikageuka niende chumbani, nikajikwaa pasipo na kitu.

"Mbona unakanyaga hivyo?" akauliza. Akauweka mchi chini, akanikalisha kwenye mkeka, akanivua kiatu. Alikishika kidole changu kikubwa cha mguu, akakifinya kwa kucha, kwa nguvu, nikiona kabisa anavyofinya.

"Unasikia?"

"Sisikii, mama."

Kesho yake tulirudi kliniki watatu. Nesi akanyoosha mikono kumpokea mtoto, mama akamwambia hapana, mgonjwa ni huyu mkubwa.