Mikono ya Shoka

Kila asubuhi, kabla hajatundika nyama yoyote kwenye ndoano, muuza nyama aliyehamia mtaani karibuni alikata ndimu, akasugua mikono kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, akaisuuza kwa maji ya ndoo, kisha akasimama mlangoni kwake kuianika. Taulo hakutumia. Alisimama tu, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kuvishwa koti. Na kwa kuwa mlango wa pili ulikuwa wa saluni, macho yake yalitua saluni.

Hapo ndipo chuki ilipoanzia.

Mwenye saluni, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Msusi, hata wale waliomzidi umri, hakuwa mtu wa kutazamwa bure. "Yule baba anatula kwa macho," aliwaambia wateja wake. "Na akitazama, anatazama vichwa. Mwanaume mzima! Angetazama sura tungemwelewa, tungemtukana, yakaisha. Vichwa?"

"Labda anapima pa kukatia," alisema mteja mmoja aliyekuwa ameinamishwa shingo, na wote wakacheka mpaka chanuo likaanguka.

Ndivyo alivyopata jina la Shoka, nalo likamkaa sawasawa. Alikuwa pande la mtu, mabega mapana, shingo fupi, vidole vinene kama mipini. Maneno hakuwa nayo. Akisalimiwa aliitikia, asiposalimiwa alinyamaza. Alipopasua mfupa juu ya gogo lake, vioo vya saluni vilitetemeka ukutani, na Dada Msusi alipaza sauti: "Taratibu huko! Humu tuna watu wa presha!" Pigo la Shoka lililofuata lilishuka kwa upole zaidi. Hilo Dada Msusi hakulitilia maanani. Haukupita muda akatundika pazia zito la maua makubwa mlangoni, akalivuta Shoka mwenyewe akiona, na wala hakumung'unya maneno: "La inzi hili, baba. Wa kila aina."

Ikafika Jumamosi ya harusi ya mdogo wake Dada Msusi.

Mama yao aliwaacha mdogo akiwa hata kutambaa hajaanza. Dada Msusi ndiye aliyemwogesha, akambeba, akamsuka tangu nywele zilipokuwa hazishikiki kwa vidole. Siku mdogo alipochumbiwa, alimwahidi jambo moja tu: kichwa chako cha harusi nitakisuka mimi, hapahapa. Wakwe walipojitolea kumpeleka bibi harusi kwenye saluni kubwa ya mjini, yenye viyoyozi na viti vya kuzunguka, Dada Msusi aliwakatalia kwa tabasamu la meno yote. Tangu hapo alikuwa akitembea huku anachora mistari hewani kwa kidole: myembamba, inaanzia kwenye panja, inajipinda juu ya sikio, inakwenda kukutana kisogoni kwenye fundo moja.

Upande wa kushoto ulikamilika mapema, na ulipendeza kweli. Dada Msusi akainuka kufuata rasta nyingine kwenye rafu, akakanyaga maji yaliyomwagika chini ya sinki, akaanguka na kuukalia mkono wake wa kulia.

Kelele zake ndizo zilizomleta Shoka. Alipenya pazia bila hodi, mfuko wa barafu mkononi, akapiga magoti, akaugeuza mkono ule polepole kama unaweza kuamka.

"Chezesha vidole."

Vilicheza, lakini kifundo kilikuwa kinavimba huku wanakitazama.

"Sidhani kama umevunjika," alisema Shoka. "Ila kusuka leo husuki. Uende hospitali."

"Siendi popote! Mdogo wangu aolewe na nusu kichwa?"

Bibi harusi alikuwa amekaa kitini, upande mmoja malkia, upande wa pili kama ametoka kupigana na paka. Simu ilikuwa sikioni. Msusi msaidizi alikuwa amejifungua juzi tu, na saluni za jirani zilikuwa zimejaa mpaka kwenye ngazi. Akaishusha simu.

"Dada, niwaambie wakwe? Ile saluni yao..."

"Thubutu!" alisema Dada Msusi. Lakini sauti ilimkatikia njiani, na machozi ambayo maumivu yalishindwa kuyatoa yakaanza kumtiririka.

Shoka alikuwa bado amepiga magoti pale chini. Alikuwa anatazama kichwa.

"Nikumalizie?"

"Unimalizie nini?"

"Upande huo."

"Baba," alisema Dada Msusi, akijifuta machozi kwa bega, "huyu si mbuzi."

"Naona."

Bibi harusi aliwatazama wote wawili, kisha akajitazama kwenye kioo. "Dada, mwache ajaribu mstari mmoja. Akiharibu tunafumua."

Shoka akaenda kunawa, akarudi mikono ikinukia ndimu. Alilishika chanuo kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika kifaranga, akapasua njia. Njia ikatoka nyoofu, ikaja kujipinda juu ya sikio palepale ilipojipinda ile ya kushoto. Kisha vile vidole vya mipini vikaanza kuingia na kutoka, vikidokoa nywele kidogo, vikichanganya rasta kidogo, mstari ukikua bila papara. Dada Msusi alisogea, barafu ikimlowesha sketi, akatafuta kosa. Alilitafuta kwa moyo wake wote.

"Hapo kwenye panja usikaze," alisema hatimaye, maana ilibidi aseme kitu.

"Sikazi. Muulize mwenyewe."

"Hata sisikii, dada," alisema bibi harusi. "Wewe ndiye huwa unanitoa machozi."

"Nyamaza wewe. Inamisha kichwa."

Huko nje mteja wa nyama aliita, anataka maini. "Rudi baadaye!" Shoka alijibu bila kuinua macho. "Nasuka!"

Basi hapo mtaa ukasimama. Vichwa vikajaa kwenye pazia, vingine juu, vingine chini ya makwapa ya wenzao, na kicheko kikaanza kutokota. Dada Msusi akawageukia.

"Mnataka nini? Tokeni hapo mlangoni, mnamzibia fundi mwanga!"

Fundo lilipofungwa, bibi harusi aliugeuza uso huku na huku mbele ya kioo. Akamkumbatia dada yake, akamkumbatia na Shoka, aproni yake na madoa yake yote, akakimbilia gari lililokuwa likimpigia honi.

Wakabaki wawili. Shoka alikuwa anakusanya rasta zilizodondoka sakafuni. Dada Msusi, ambaye wateja walisema mdomo wake hauna breki, alikaa kwenye benchi akiulea mkono wake.

"Mimi nimekusema vibaya sana, baba."

"Nilisikia. Ukuta wenyewe mwembamba."

Dada Msusi akacheka kidogo, kisha akamuuliza lile moja lililokuwa limemkaa kooni tangu mstari wa kwanza: "Nani alikufundisha kusuka?"

Shoka aliziweka rasta mezani, akazilaza vizuri.

"Mama yao alifariki, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu," alisema. "Nilikuwa na mabinti watatu. Yule mkubwa alilia. Nilikuwa nakaza mno."