Mabenchi Mawili ya Mvule

Eugène hakuiba benchi. Neno hilo liwekwe hapa mwanzo, maana uvumi umezunguka avenue nzima tangu Jumanne, ukafika sokoni, na kila ulipopita uliongezewa kitu. Wa kwanza walisema benchi. Wa mwisho walisema benchi na viti sita.

Mjane wake, Pétronille, aliyefundisha Kifaransa miaka thelathini na miwili, alikuwa amempa fundi Gaspard benchi la barazani alitengeneze kabla ya misa ya kumkumbuka marehemu. Jua na mvua vilikuwa vimeligeuza rangi ya majivu, na mguu mmoja ulikuwa umeoza pale unapogusa udongo. Gaspard aliliosha kwa sabuni, akaliacha likauke kivulini siku mbili, kisha akaligeuza miguu juu kando ya barabara na kuanza kulikwangua kwa kipande cha chupa. Uchafu ulipotoka, zikaonekana herufi mbili za rangi nyekundu: A.L.

Annie, mkwe wa marehemu mzee Antoine, alikuwa anapita na mboga zake. Alisimama.

"Hii benchi iko ya baba mukwe wangu!" alisema, kwa sauti iliyowatosha hata watu wa pikipiki.

Jioni Gaspard alikuja kwa Pétronille, kofia mkononi.

"Madame, nipitishe randa pale chini? Dakika mbili tu, herufi zinaenda."

"Zinaenda wapi, Gaspard?"

"Zinaisha tu, Madame."

"Ukizifuta, weye ndiye utakuwa umetuita wezi. Ziache."

Zamani zile hakuna aliyekodi viti vya plastiki. Matanga yakitokea, kila nyumba ilitoa benchi lake, na chini yake mwenyewe ameandika herufi zake ili lirudi. Eugène na rafiki yake Antoine walichongesha mabenchi yao kwa fundi mmoja, siku moja, kwa mbao za mvule mmoja uliotoka Marabo. Hata wenyewe hawakuweza kuyatofautisha. Yakatokea matanga fulani ambayo siku ya kuyaondoa mvua ilishuka ghafla. Watu wakabeba mabenchi kichwani kama miavuli, wakakimbia, na mabenchi yakapishana.

Wiki tatu zilipita. Siku moja Eugène aliinama kuokota kalamu, akaona herufi za mwenzake, akaenda kwake moja kwa moja.

"Muzee, siye tumekaliana mabenchi."

Antoine alicheka hadi akashika mbavu. "Acha ibaki. Nikikuja kwako, nitakaa kwangu. Ukikuja kwangu, utakaa kwako. Nani atatufukuza?"

Ikawa hivyo miaka kumi na tisa. Antoine hakupiga hodi. Alikaa kwanza, akanyoosha miguu, ndipo akaita: "Pétronille, niko kwangu! Chai iko wapi?" Naye, ambaye hakupenda mwanaume yeyote amwite kwa jina tupu, alileta chai. Kila kiangazi Eugène alilipaka benchi hilo mafuta yaliyomwagwa kutoka injini za magari, taratibu, kwa kitambaa, kama anayeogesha mtoto. Mwaka wa kukimbia vita, waliporudi, milango ilikuwa imebebwa lakini mabenchi yote mawili yalikuwepo, mazito mno kwa mwizi mwenye haraka. Antoine alitangulia kufa. Eugène alipomfuata, hakuna aliyepaka mafuta tena. Pétronille hakulikalia. Alilipita kwa pembeni.

Jumamosi alivaa kitenge chake cha sikukuu akaenda kwa Annie mchana kweupe, majirani wakitazama juu ya ua. Nyuma ya nyumba lilikuwapo benchi la pili, limebebeshwa bidoni za maji.

"Annie, mwanangu, ondoa bidoni."

"Mama, kuna nini?"

"Tuligeuze."

Waliligeuza wawili. Herufi zilikuwa nyeupe, safi, maana mvua haikuwahi kuzifikia: E.B. Annie alizisoma, akazigusa kwa kidole.

"Ya Papa Eugène," alisema. "Na hakuna mutu alituambia."

"Waliokuwa wanajua walidhani kila mtu anajua."

"Basi tubadilishane, Mama. Kila mutu achukue yake."

"Hapana. Baba mkwe wako alisema libaki."

Annie alimshika mkono, akamvuta kando, mbali na ua, akasema maneno mengine kwa sauti ya chini. Wakalirudisha benchi la Eugène miguu chini, wakalikalia kitambo, kisha Pétronille akarudi nyumbani. Jumatatu Gaspard alimletea benchi la barazani, limerudia rangi yake ya kahawia, mguu mpya umeungwa vizuri, na herufi nyekundu ziko palepale.

Siku ya misa, mlangoni mwa kanisa, wanawake walimzunguka Pétronille. Annie alilia? Aliomba radhi? Alisema nini pale kando?

"Mume wangu hakuiba," alisema Pétronille. "Hilo mmelisikia. Mengine simwambii mtu."