Lori Lililoinama Nyuma

Hadi leo nikifungua chupa ya rangi ya kucha, pua yangu hainipeleki saluni. Inanipeleka uani kwetu Bulla Pesa, Isiolo, nikiwa nimechuchumaa kwenye kivuli cha tangi la maji, na harufu ile kali imechanganyika na ya dizeli na ya mavi mabichi ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na rangi ile nyekundu ya binamu yangu sikuipaka kwenye ukucha hata mmoja. Niliimaliza yote kwenye bodi ya lori dogo la bati. Binamu alininunia wiki mbili. Sikumwomba msamaha, kwa sababu lori lilikuwa limependeza, na rangi nyingine angenunua.

Nieleze kwanza lori lenyewe, lile kubwa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Halikuwa letu, lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, lakini Baba alilizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ngamia aliyemlea mwenyewe. Alikuwa akienda Garbatulla, na mara nyingine hadi Sericho, anajaza madume, kisha anageuza kuelekea Nairobi. Njia ya Sericho ilikuwa mawe na mchanga, na mvua ikinyesha Baba angeweza kupotea siku nne tusijue kama amekwama au ameoa huko, kama Akko alivyopenda kumtania Mama. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na huyu alikuwa mama yake Baba, mwenye ulimi ambao hata wauza miraa waliuogopa. Akirudi na mzigo, Baba alisimama nje ya lango letu kwa muda wa vikombe viwili vya chai ya maziwa, ng'ombe wakipiga kwato juu ya mbao, kisha akaondoka. Akitoka Nairobi, lori likiwa tupu, hakupita kwetu. Alilipeleka moja kwa moja kwenye yadi ya tajiri na kurudi nyumbani kwa miguu, na safari iliyofuata aliianzia huko huko. Hilo la mwisho msomaji alishike, maana ndilo lililoleta maneno yote.

Watoto wengi wa mtaa wetu walitengeneza magari ya waya. Hayo yalikuwa magari ya kukimbiza: waya, vifuniko vinne vya makopo, fimbo ndefu ya usukani, basi, unapotelea vichochoroni. Mimi sikutaka la kukimbiza. Nilitaka lori la Baba, lile lile, ila dogo, na kila sehemu yake iwe imepungua kwa kiasi kilekile. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua uzi wa gunia, na kila Baba alipoingia ndani kunywa chai, mimi nilitoka nje na uzi wangu. Nilipima urefu wa bodi, nikafunga fundo. Kimo cha kichwa cha lori, fundo. Upana wa kioo, fundo. Kutoka ardhini hadi bampa ya mbele, na kutoka ardhini hadi bampa ya nyuma, mafundo mengine mawili. Kisha nilikaa uani, nikaukunja kila uzi katikati, nikaukunja tena, na tena, na tena. Mara nne. Kipande kilichobaki ndicho kilikuwa kipimo changu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba mafundi wa magari haya madogo wana jina la kipimo hicho, moja kwa kumi na sita. Mimi nakiita kukunja mara nne, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Kazi ilichukua muhula mzima. Bodi niliikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na alama ya mkato ule bado iko kwenye kidole gumba changu cha kushoto. Magurudumu niliyachonga kwenye malapa makuukuu ya Mama, nikachora meno ya tairi kwa msumari uliopashwa moto. Springi nilizipanga kwa vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga maboksi ya dukani, kimoja juu ya kingine, kirefu juu ya kifupi, kama nilivyoviona nikiwa nimelala chali chini ya lori huku mkojo wa ng'ombe ukinidondokea. Vioo vilitoka kwenye chupa ya maji. Juu ya bodi nilipitisha waya nene ziwe vile vyuma ambavyo abiria hukalia, ng'ombe wakiwa chini yao. Taa ya kulia ilikuwa imepasuka na kufungwa kwa waya, nami nikaipasua ya kwangu na kuifunga kwa waya. Bomba la moshi nililipaka masizi ya sufuria ya Akko. Mwisho kabisa nilikung'uta vumbi la Garbatulla kutoka kwenye koti la Baba, nikalichekecha kwa kitambaa, nikalipuliza juu ya gundi kabla haijakauka. Vumbi la Isiolo lilikuwa tele mlangoni, lakini rangi yake si ile.

Mama alilalamika kwamba mitungi haijajaa. Akko alikuja na lake.

"We msichana, hiyo gari ndiyo itakuoa?"

"Ikileta ng'ombe, Akko, utaikataa?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini hakuniruhusu kugusa sufuria yake tena.

Shuleni tulikuwa na siku ya wazazi, na kila darasa lilipanga kazi za mikono kwenye meza. Kazi moja ilikuwa ichaguliwe kwenda Meru kushindana na za shule nyingine. Wasichana wenzangu walileta vitambaa vya kufuma na vikapu. Mimi nilileta lori langu, nikiwa nimelibeba kifuani tangu nyumbani, na nilikuwa nimeshajiona Meru, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga. Mwalimu Kirimi alikuwa msimamizi. Alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu, nisimsingizie. Alilizunguka lori mara mbili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Nimeuliza nani ametengeneza."

"Ni mimi."

"Babako anafanya kazi gani?"

"Ni dereva wa lori."

"Haya basi," akasema, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Alichukua karatasi akaandika kwa kalamu nene, KAZI YA MZAZI, akaiegemeza kwenye bampa. Kisha akainama tena. "Na hata huyo mzazi amekosea. Angalia, hii kitu imekaa chini huku nyuma. Lori haikai hivi. Weka kijiti hapo juu ya springi, iinuke. Ikinyooka, tutaongea maneno ya jina."

"Nilipima, mwalimu."

"Ulipima vibaya."

"Nilipima mara tatu."

Uzi ulikuwa mfukoni mwangu na niliufinya mpaka mafundo yakaniuma. Nilikuwa na hasira ya kweli, ile inayokausha mate. Kuambiwa nimekosea ningeweza kuvumilia. Kuambiwa mikono yangu si yangu, hapana. Mwalimu alipoondoka niliigeuza karatasi, maandishi yakatazama meza. Alipopita tena akaigeuza. Alipotoka nikaigeuza. Tulifanya hivyo mara tatu bila kutazamana, wazazi wakiwa wameshaanza kuingia na vikombe vyao vya chai, na mara ya nne nilikaa juu ya karatasi yenyewe.

Baba alifika saa tano akiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ametoka Garbatulla, na lori alilisimamisha nje ya lango la shule, ng'ombe wakilia.

"Salaam aleikum," akasema mlangoni.

"Karibu, mzee, karibu," Mwalimu Kirimi akampa mkono. "Kazi yako ni safi sana. Ila nyuma imelala kidogo."

"Kazi yangu gani?"

Mwalimu alionyesha meza. Baba hakuwa amewahi kuliona lori langu likiwa limekamilika, maana nililificha nyuma ya tangi kila alipokuja. Alichuchumaa mbele yake. Aliigusa ile taa iliyofungwa waya, akaguna. Akapitisha kidole chini ya bampa ya nyuma, polepole, kisha akacheka kicheko kirefu ambacho kiliwafanya wazazi wengine wageuke.

"Ulipima hii lini?" akaniuliza.

"Ukiwa unakunywa chai, Abba."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Akasimama. "Mwalimu, hii si kazi yangu. Mimi lori yangu naijua ikiwa tupu, hata fundi wa gereji anapima ikiwa tupu. Ningetengeneza mimi ingesimama sawa. Huyu hajawahi kuiona tupu. Amepima na ng'ombe ndani, springi zimelala." Kisha akaniinamia. "Hapo ndani ni madume kumi na nne, si ndiyo?"

Walikuwa kumi na wanne. Niliwahesabu masikio nilipokuwa nikipima.

Uso uliniwaka. Nilikuwa nimebishana na mwalimu wa hesabu mbele ya watu, nikasema nimepima mara tatu, na kumbe mara zote tatu nilikosea kosa lilelile. Lakini kosa lile lilikuwa langu mimi. Hakuna dereva wala fundi ambaye angelifanya, ila mtoto anayemwona baba yake kwa muda wa vikombe viwili vya chai.

Mwalimu Kirimi, na hili nampa haki yake, aliniomba niinuke, akaichukua ile karatasi na kuikata kwa mstari. "Basi ni yako. Pole. Sasa rekebisha hiyo nyuma, mimi niandike jina, na wiki ijayo tunaenda Meru."

Kilichohitajika kilikuwa vijiti viwili vya kibiriti. Ningevipata jikoni pale pale shuleni. Niliitaka Meru ile kwa moyo wote, nilitaka basi na kulala kwenye bweni la watu nisiowajua na kuulizwa jina langu na wageni. Nilitoka hadi langoni nikalitazama lori kubwa. Lilikuwa limesimama juani, limeinama nyuma, pua ya dume moja imetokeza kati ya mbao. Lilikuwa sawasawa na langu. Nikarudi ndani.

"Mwalimu, sitainua."

"Kwa nini? Si babako mwenyewe amesema ni makosa?"

"Nilikosea, ndiyo. Lakini sijawahi kuiona tupu. Nikiinua itakuwa lori ya mtu mwingine."

Mwalimu alimtazama Baba, akitarajia aniamuru. Baba alitazama dari.

"Basi Meru ataenda mwingine," Mwalimu Kirimi akasema, na hakuwa anatisha. Kilikwenda kinu cha upepo cha mvulana wa darasa la nane, kimenyooka kabisa, na hakikuzunguka hata siku moja. Mimi niliichukua karatasi iliyokatwa, nikaigeuza, nikaandika jina langu kwa mkono wangu, herufi kubwa mpaka zikakosa nafasi, nikaiegemeza kwenye bampa. Kisha nilikwenda kwenye mfereji nyuma ya vyoo nikalia. Sitajifanya shujaa. Nililia sana, na nilipomaliza nilinawa, nikarudi kusimama kando ya meza hadi mzazi wa mwisho alipoondoka.

Sasa hii ndiyo kazi inayonilisha. Nina chumba changu upande wa Burat, nina taa nzuri, kipimo cha chuma kinachosoma hadi unywele, na rangi za kupuliza za kila aina, ingawa ya kucha sijaiacha. Natengeneza malori, matrekta, magari ya jeshi, mabasi, na yote yanakaa sawa kabisa kwa sababu napima yakiwa tupu kama watu wazima. Lami imefika hadi Moyale na malori ya siku hizi yana springi ambazo hazilali ovyo. Lori la Baba lilikatwa vipande kwenye yadi ya vyuma chakavu, na hakuna hata picha yake iliyobaki. Limebaki langu, rafuni juu ya dirisha. Nikiliweka kwenye simu watu waone, hakosekani mtaalamu wa kuniambia vipimo vimepotea. Mwaka jana mwenye hoteli moja alilitaka kwa ajili ya mapokezi yake. Alitaka nilisafishe vumbi, nibadilishe taa ile, na niinue nyuma kidogo ling'ae kama jipya. Nilimwambia nitamtengenezea jipya. Akasema hapana, analitaka hilo, ila liwe zuri. Nilimfungulia mlango, na chai yake akaiacha nusu.

Wanaonijua husema huo ni ukaidi wa bure, kwamba binti aliyesoma hawezi kulinda kosa alilolifanya akiwa na miaka kumi na mmoja. Wacha waseme. Niliambiwa nichague kati ya kuwa sahihi na kusema nilichokiona, nikachagua, na ningechagua vilevile kesho asubuhi.

Baba sasa anaona mwanga tu, sura hazioni. Ijumaa iliyopita alikuja kukaa nami baada ya swala, akaomba nimshushie lori. Nilimwekea magotini. Aliigusa taa iliyofungwa waya, akaguna vilevile. Kisha akapitisha kidole chini ya bampa ya nyuma, polepole.

"Haijashusha mzigo bado," akasema.

"Na haitashusha, Abba."