Pasi Iliyokaa Stoo ya Mahakama

Fundi cherehani alimjua karani wa vielelezo kwa mikono tu, maana dirisha la stoo ya mahakama lilikuwa dogo na la chini: kucha fupi, kidole chenye wino, na kitambaa cha njano kisichokosekana. Miezi kumi na minne iliyopita fundi alimtwanga kwa pasi yake ya mkaa mwizi aliyemvamia dukani akiwa na kisu, na aliyeshtakiwa kwa kujeruhi akawa yeye. Kila kesi ilipoahirishwa alipita pale kuiomba pasi yake, na kila mara sauti kavu ilimjibu, "Bado ni ushahidi, fundi. Jikaze." Kisha mikono ikarudi kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Cherehani moja iliuzwa kumlipa wakili, wateja wakahamia kwingine, na moyoni fundi alimwita karani yule Bwana Jiwe.

Leo hakimu alimwachia huru: alikuwa akijihami tu. Mikono ikaisukuma pasi dirishani. Fundi alitarajia kutu tupu, lakini kiganja chake kiliteleza juu ya nta ya mshumaa, ile wanayopaka mafundi ili pasi isigande kwenye nguo.

"Nani kaipaka?"

"Stoo ina unyevu," karani alisema, akikunja kitambaa. "Tangu wapelelezi wamalize kuipima, naipangusa kila Ijumaa. Nilijua utarudi kazini."

Fundi, ambaye hata kizimbani hakudondosha chozi, aliung'ang'ania ule mkono wenye wino.

"Tia saini kwanza, fundi," sauti kavu ikatetemeka kidogo. "Utanilowanishia kitabu."